Mtu wa Alhamisi

Katika mji wetu siku moja ya juma imegeuzwa kuwa tusi. Mchezaji akikosa bao la wazi, mashabiki humpigia kelele, "Mpelekeni Alhamisi!" Mke akichoshwa na maneno ya mumewe humwambia kwamba Alhamisi imempanda kichwani. Hata watoto ambao bado hawajajua kusoma saa wanajua kumwita mwenzao "Alhamisi wewe," na aliyeitwa hivyo hurudi nyumbani analia.

Chimbuko la tusi hili ni ratiba iliyobandikwa kwenye mlango wa kituo cha afya. Jumatatu ni kliniki ya wajawazito. Jumanne ni ya presha na kisukari. Jumatano ni ya chanjo. Alhamisi ni ya wagonjwa wa akili. Hao wengine wote hupokelewa ndani, kwenye viti vya plastiki, chini ya feni. Wa Alhamisi huketi nje, kwenye benchi lililoegemezwa ukutani upande wa barabara, kwa sababu chumba walichopewa ni stoo ya zamani ya magodoro na mlango wake unafungukia huko. Kila aendaye sokoni huwatazama kama bidhaa zilizoanikwa. Nimeuliza ni nani aliyeamua iwe hivyo. Kila niliyemuuliza alinijibu kwamba yeye alikuta hivyo hivyo.

Mtu ninayemweleza hapa alikwenda huko kila mwezi kwa miaka mingi, na hakuna aliyemwona. Alikuwa akisubiri nyuma ya tangi la maji, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi, hadi nesi amwashirie kwa mkono.

Kazini walimwita Milimita. Alikuwa mkataji katika kiwanda kidogo cha kushona sare za shule, nacho kiwanda chenyewe kilikuwa chumba kimoja kirefu chenye cherehani pande zote mbili na meza ya kukatia katikati. Mkataji ndiye anayeanza. Hutandaza kitambaa tabaka juu ya tabaka mpaka rundo lifikie unene wa godoro la mtoto, huchora kwa chaki juu kabisa, kisha huvaa glavu ya nyavu za chuma mkono wa kushoto na kukiongoza kisu cha umeme kwa mkono wa kulia. Kisu hicho hakina huruma. Kikiyumba kidogo kwenye shati la juu, yameharibika mashati yote yaliyo chini yake. Kikiyumba zaidi, kidole hakirudi. Milimita hakuwahi kukiyumbisha. Mabaki ya kitambaa chake yalikuwa membamba hata washonaji wakalalamika kwamba hawapati tena cha kufutia mafuta ya cherehani.

Ugonjwa ulimpata katika mji mwingine, alipokuwa bado fundi kijana. Kwanza usingizi ulimkimbia. Kisha akaanza kusikia wateja wasiokuwepo wakimlalamikia: mabega yanabana, mikono ni mifupi, rudisha kitambaa chetu. Mwishowe alionekana katikati ya barabara akiipima kwa futi yake ya ushonaji na kuandika vipimo kwa chaki kwenye lami, maana sauti zilikuwa zimemwagiza aishonee barabara suruali. Watu walikusanyika wakacheka. Mchumba wake, ambaye ndiye mkewe leo, hakucheka wala hakumvuta. Alishika ncha ya pili ya futi, akapima pamoja naye, kipande kwa kipande, mpaka wakafika kwenye lango la hospitali. Huko alilazwa, akatibiwa, akapona kiasi cha kurudi kwenye meza, kwa sharti moja tu: asikose vidonge vyake.

Baada ya harusi walihamia kwetu, ambako ndiko kwao mke. Ugonjwa ule hawakumweleza mtu yeyote hapa, hata mama mzazi wa yule binti. Sababu waliipata mapema. Kiwandani palikuwa na mpiga pasi, mtu mpole na hodari, ambaye alionekana siku moja ameketi kwenye benchi la Alhamisi. Kesho yake mwenye kiwanda alimwambia mbele ya watu wote, "Siwezi kuweka moto mikononi mwa mtu wa Alhamisi." Mpiga pasi alikunja aproni yake vizuri, akaiweka juu ya meza, akaondoka. Milimita alikuwa ameshika kisu. Hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Hata hivyo, mtu hawezi kuomba ruhusa asubuhi ya Alhamisi moja kila mwezi bila watu kuuliza, na mwulizaji mkuu alikuwa mshona kola aliyekaa karibu na meza yake, mama mmoja aliyeitwa Redio kwa sababu hazimwi.

"Leo ndiyo ile Alhamisi yako, siyo?" alimwambia siku moja. "Na ndevu umenyoa. Hebu geuka tuone. Jamani, hata viatu vimepigwa rangi!"

"Nina shughuli," alisema Milimita.

"Shughuli ina jina? Ina miguu? Inapika vizuri?"

Chumba kizima kikacheka. Kwamba angekuwa anakwenda kule kwenye benchi, hakuna aliyewaza. Mtu asiyepoteza hata upana wa uzi hakufanana na picha waliyokuwa nayo ya mgonjwa wa akili. Milimita alitabasamu, na tabasamu lile likachukuliwa kuwa amekiri. Kuanzia siku hiyo ikajulikana kwamba mkataji ana nyumba ndogo. Mwenye kiwanda alimpiga bega na kumwambia, "Kumbe na wewe umo!" Ruhusa ikawa inatoka kabla haijaombwa.

Naomba msomaji asilipite jambo hili haraka. Mtu aliyedhaniwa kuwa anamdanganya mkewe alipigwa bega. Mtu aliyekwenda kutafuta dawa ili afanye kazi na kutunza nyumba alikunja aproni akaondoka. Huo ndio mji unaojiita wa watu waadilifu.

Nyumbani mkewe aliupokea uvumi huo kwa mzaha, angalau mwanzoni.

"Mke mwenzangu hajambo?" alimwuliza kila aliporudi.

"Hajambo. Kanipa vidonge vya mwezi mzima."

"Mchoyo huyo. Hata kanga hajaniletea."

Kisha alivimimina vidonge kwenye kopo la vifungo, akalirudisha juu ya kabati. Lakini mzaha haukuweza kumfuata sokoni. Huko wanawake walimtazama kwa huruma, wakampunguzia bei ya nyanya, wakamshauri avumilie kwa ajili ya nyumba. Alizichukua nyanya akashukuru. Angeweza kuwanyamazisha kwa neno moja, na neno hilo lingemtoa mumewe kwenye meza ya kukatia. Akachagua kuhurumiwa.

Mambo yaliharibika karibu na kufunguliwa kwa shule. Redio alitangaza kwamba safari hii atamfuata Milimita mpaka amjue huyo mwanamke, "nione ana nini tusichonacho sisi." Ilikuwa utani, lakini Milimita aliogopa, akaikosa kliniki ya mwezi huo. Akamficha hata mkewe. Alianza kumeza kidonge kimoja badala ya viwili, ili kopo lisiishe mapema.

Usingizi ukawa mwembamba. Halafu mchana mmoja, kisu kikiwa katikati ya rundo, alisikia nyuma yake sauti ikisema kwa upole kabisa, "Mabega yanabana." Alikizima kisu. Aligeuka. Kila mtu alikuwa ameinamia cherehani yake. Alivua glavu, akaenda kunawa uso. Jioni hiyo alimweleza mkewe yote.

Mkewe aliteremsha kopo, akatazama ndani. "Alhamisi hii unakwenda," alisema. "Redio akufuate, jirani akufuate, bendi ya shule ikufuate, unakwenda."

Aliyefuata hakuwa Redio. Jumatano alasiri mama mkwe alipiga hodi na mkoba tupu mkononi. Alikuwa mjane aliyeishi upande wa pili wa mji, mwenye presha na sauti ya kutosha watu wawili.

"Karibu, mama. Shikamoo," Milimita alisema akiinuka.

"Marahaba, mkwe. Usinipishe kiti, sikuja kukaa." Akamgeukia bintiye. "Huu mkoba ni wa nguo zako. Jaza."

"Mama, kumetokea nini?"

"Unaniuliza mimi? Mpaka muuza mkaa ananipa pole! Kila mwezi, Alhamisi, mume wa mtu anatoka amenyolewa kama bwana harusi, na wewe umekaa unapepeta mchele. Mkwe, nilikupa binti yangu mzima. Kama umemchoka, mrudishe. Usimchakaze."

Milimita alifungua kinywa. Mkewe akamwahi. "Mama, hakuna mwanamke."

"Basi anakwenda wapi?"

Binti alimjua mama yake: siri akiambiwa asubuhi, mchana ilikuwa imeshalala kwa majirani. "Siwezi kukuambia," alisema, "lakini najua aendako, na mimi ndiye ninayempigia pasi shati."

"Unampigia pasi!" Mama alishika kiuno. "Nyumba hii imeingiliwa. Haya. Kesho ni Alhamisi. Miguu ninayo."

Na kweli alimfuata. Milimita alimwona tangu kwenye kona ya kwanza, kwa sababu mama yule hakujaliwa kunyemelea. Alisimama kusalimia watu njiani na kuwauliza hali za wagonjwa wao. Milimita alifika kwenye njia panda. Kushoto kulikuwa na mtaa wa nyumba za wageni. Angeingia kwenye lango lolote huko, uvumi juu yake ungekuwa umethibitishwa, na kisu chake kingekuwa salama. Kulia kulikuwa na kituo cha afya. Alisimama hapo kidogo. Nyuma yake, karibu sana na sikio, sauti ikasema mikono ni mifupi. Alipogeuka, mama mkwe alikuwa bado mbali, anaulizia mguu wa mtu. Akakata kulia.

Alipita nyuma ya tangi la maji kama kawaida yake. Muda si mrefu mkoba ulijitokeza pembeni mwa tangi, kisha mama mwenyewe, anahema.

"Yuko wapi?" alisema. Alitazama upande huu na ule. Palikuwa na bomba linalovuja na ndoo iliyotoboka. "Mkwe, ni mwanamke gani anayekutana na mtu kwenye tangi?"

"Hakuna mwanamke, mama."

"Sasa unamsubiri nani?"

"Nesi. Nasubiri dawa." Akavua kofia. "Leo ni Alhamisi, mama. Mimi ni wa Alhamisi."

Mama aligeuka. Alilitazama benchi lile kule mbele, ambako watu sita au saba walikuwa wamebanana, jua likiwa limeshawafika magotini. Alimtazama tena mkwewe, viatu mpaka nywele, kama anayetafuta mahali palipochanika.

"Tangu lini?"

"Kabla sijamwoa binti yako. Yeye anajua. Ndiye aliyenipeleka hospitali."

"Na anakupigia shati pasi."

"Ndiyo, mama."

Alihamisha mkoba kutoka mkono huu hadi ule. Kisha akasema, "Toka hapa nyuma. Unasimama kwenye matope kama mwizi wa kuku." Akatangulia. Alipofika kwenye benchi aliwaambia waliokaa, "Sogeeni, wanangu," akaketi, mkoba mapajani. Milimita alibaki amesimama kwa heshima. "Kaa!" alimfokea. "Heshima hiyo utanipa nyumbani."

Hapo ndipo Milimita alipoketi kwenye benchi lile kwa mara ya kwanza. Wapitao wakatazama. Mama aliwasalimia mmoja mmoja, na wengi wakakumbuka kwamba wana haraka.

Jua lilipomfikia usoni, aliinuka kwenda mlangoni.

"Nesi, mwanangu. Mimi ni wa Jumanne, presha. Jumanne nakaa ndani kwenye kiti, feni juu. Hawa mbona mmewaanika?"

"Ndivyo chumba kilivyo, mama."

"Jumanne unatoa dawa wewe?"

"Natoa mimi."

"Na hizi za hawa zinakaa wapi?"

"Kabati lile lile, mama. Rafu ya chini."

"Zikitolewa Jumanne zinaoza?"

Nesi alicheka, kisha akaacha kucheka. "Haziozi. Ni ratiba tu."

"Ratiba aliipanga nani?"

"Mimi nilikuta hivyo hivyo."

Nesi yule simlaumu. Alikuwa mmoja kwa kliniki zote, na alikuwa ameshaandika mara nyingi kuomba chumba. Wanaostahili kulaumiwa ni wale wanaopanga bajeti ya afya kana kwamba binadamu huishia shingoni. Presha ina bango kwenye kila ukuta. Malaria ina wimbo. Akili, ambayo ndiyo inayomkumbusha mgonjwa wa presha kumeza kidonge chake, imepewa stoo ya magodoro, asubuhi moja kwa juma, na miezi mingine rafu ya chini huwa tupu kabisa. Kisha tunashangaa watu wanapopima barabara kwa futi. Kama kipo kipindupindu mjini, hatuwaachii wagonjwa waone haya peke yao. Tunatangaza, tunachimba vyoo, tunatia dawa visima. Hii nayo ni afya ya umma, na asiyeiona hivyo hajaliangalia benchi lile.

Milimita alipewa vidonge vya mwezi mzima. Nesi alifikiri kidogo, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mwezi ujao njoo Jumanne na mama. Nitakupa kwenye dirisha lile lile. Akiuliza mkuu wa kituo, nitamjibu mimi." Ratiba ya mlangoni haikubadilika, na hadi leo haijabadilika. Lakini wengine wa benchi lile walikuwa wanasikia, na masikio yao hayakuwa na ugonjwa wowote.

Kati ya waliopita barabarani asubuhi hiyo alikuwamo Redio, aliyetumwa kununua nyuzi. Safari hii hakuwa na haja ya kusimulia kwa madoido. Ijumaa asubuhi Milimita alikuta kisu kimefungiwa kwenye kabati, na mwenye kiwanda amesimama mbele yake.

"Ndugu yangu, kwa sasa utakaa kwenye vifungo," alisema. "Si kwamba nakufukuza."

"Kwa sasa mpaka lini?"

"Tutaona. Unajua kile ni kisu."

Cherehani zilikuwa zimenyamaza, moja baada ya nyingine. Milimita hakuwa mtu wa maneno. Alivua saa yake, akaiweka juu ya meza, kama afanyavyo kabla ya kukata.

"Bosi, wewe una kisukari," alisema.

"Kila mtu anajua. Kwani ni siri?" Kweli haikuwa siri. Mwenye kiwanda aliutaja ugonjwa wake kama mtu anayetaja cheo, na chai yake isiyo na sukari ilikuwa na kikombe chake.

"Mwaka juzi ulichoma sindano, ukasahau kula. Ukaligonga lango hili kwa gari."

"Breki zile."

"Bosi, breki tena?" Redio alidakia kutoka kwenye cherehani yake. "Si tulikumiminia soda mdomoni, meno yameumana! Na mimi soda ikanirukia mpaka kwenye lipstiki!"

Watu wakacheka, na mwenye kiwanda naye akashindwa kujizuia. Milimita alisubiri wanyamaze.

"Lango tuliligongagonga likanyooka," alisema. "Funguo za gari hatukukunyang'anya. Hatukukuweka kwenye vifungo. Tulikuambia tu, bosi, usisahau kula."

Mwenye kiwanda alipangusa meza ambayo haikuwa na vumbi. "Na siku kichwa kikikuchezea, kisu kikiwa mkononi?"

Hapa angeweza kudanganya, na pengine ingemfaa. "Kilinichezea juma hili hili," alisema. "Nilisikia mtu anasema nyuma yangu, na hakukuwa na mtu. Nikazima kisu, nikavua glavu, nikatoka. Nilikuwa nimekosa dawa. Nilikosa dawa kwa sababu niliogopa nisije nikaonekana, mkanifanya mlivyomfanya mpiga pasi. Nipe siku chache vidonge vifanye kazi, kisha nipe kisu. Nikimeza bila kuogopa, hakuna anayeniita."

Redio, ambaye hazimwi, alikuwa anaokota nyuzi sakafuni.

"Na mpiga pasi umwite," aliongeza Milimita.

"Hilo tutaona," alisema mwenye kiwanda. Hilo hadi naandika haya bado linaonwa. Mpiga pasi anauza sabuni kwenye kona ya soko, na sabuni haiuziki.

Milimita alishona vifungo karibu mwezi mzima, akiwa na kidole gumba kilichotobolewa na sindano, kwa maana vifungo havikuwa fani yake. Usingizi ulirudi, kwanza kidogo, kisha wa kutosha. Sauti zikaenda zao. Jumanne moja Redio alimwona anavaa kofia vizuri, juu ya nyusi.

"Leo si Alhamisi. Unakwenda wapi?"

"Kuchukua dawa. Mama mkwe ananisubiri, tunakaa wote chini ya feni."

"Dawa ya akili?"

"Ndiyo. Nikuletee na wewe?"

"Niletee ya mdomo," alisema Redio, "ya akili ninayo ya kutosha." Na kwa kuwa alicheka kwanza yeye, wengine walipata ruhusa ya kucheka bila kuumiza mtu.

Aliporudi mchana huo alikuta mwenye kiwanda amelifungua kabati. Kisu kilikuwa juu ya meza, glavu pembeni, kitambaa cha bluu kimeshatandazwa. Milimita alivua saa. Alipitisha kiganja juu ya rundo kuona kama lina mkunjo, akachora kwa chaki mabega, kwapa na kola, akavaa glavu. Mwenye kiwanda alikuwa amesimama karibu naye mno, mikono nyuma, macho kwenye ncha ya kisu. Kisu kilinguruma. Milimita hakukisogeza.

"Bosi," alisema, bila kuinua kichwa, "unanizibia mwanga."

Mwenye kiwanda akasogea.